Sendofu ya Avelina

Jumamosi ile soko la Mazwi, Sumbawanga, lilijaa hata pa kukanyaga hapakuwepo. Upepo wa mwezi wa sita, ule wa Ufipa usiojali kama mtu kavaa sweta au hana, ulikuwa ukirusha magunia matupu na kofia za watu. Nyanda alikuwa nyuma ya meza yake ya mtindi, koti la kaki amelifunga mpaka kidevuni, anawapimia wateja vikombe huku ameuma meno kwa baridi.

Dada mmoja akasimama mbele yake. Alivaa gauni la kitenge cha zambarau, sweta jeusi la kufuma na raba nyeupe zilizokuwa safi kwa namna ya ajabu katika vumbi lile. Akanunua kikombe, akanywa palepale, akafuta povu mdomoni kwa kidole.

"Mtamu," akasema. "Kwa siku unauza vikombe vingapi?"

"Sijui, dada. Nauza kwa wanaokuja."

"Na maziwa yanayobaki jioni?"

"Nayanywa."

"Yote?"

"Mimi Msukuma. Maziwa hayabaki."

Yule dada akacheka hadi mama muuza dagaa wa meza ya pili akageuka. "Kumbe mteja wako mkubwa ni wewe mwenyewe, na hujawahi kujilipa!"

Nyanda alikuwa na miaka minne pale sokoni. Watu walishamuuliza bei, walishamuuliza kama ametia maji, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza swali lililomfanya aitazame meza yake mwenyewe kama kitu kigeni.

"Unaitwa nani?"

"Avelina. Kwetu Mollo, nafanya kazi kwenye chama cha wakulima wa ulezi. Na wewe?"

"Nyanda. Sasa wewe Mfipa, na Wafipa kwa radi mnajulikana, nikikunyima kikombe cha pili si utanitupia radi?"

"Inategemea. Cha pili ni cha bure?"

Kikawa cha bure, na cha Jumamosi iliyofuata pia. Haukupita mwezi simu zikaanza, asubuhi na jioni.

"Haloo, Mzee wa Mtindi."

"Haloo, Mama Ulezi. Umeamkaje, kipenzi?"

"Nimeamka na baridi, na wewe uko mbali. Leo wale wa shule umewapelekea?"

"Chupa thelathini. Wamesema kesho niongeze."

Wazo la shule lilikuwa la Avelina, na la chupa zenye jina lilikuwa lake pia. Nyanda aliishia kidato cha nne, na kila alipokaa na binti yule alijiona kama mtu aliyefunguliwa dirisha katika nyumba aliyodhani anaijua. Alimpenda, tena alimstaajabia, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja ndani ya mwanamume humfanya awe mwoga. Ndiyo maana Avelina alipokuwa akisema, "Wiki hii usinitafute sana, nina mtihani," Nyanda hakuuliza mtihani gani. Alijisemea, "Akitaka ataniambia." Mwaka ukapita hivyo, na miezi miwili juu yake.

Mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, rafiki yake Modesti, dereva wa bodaboda, akasimamisha pikipiki mbele ya meza.

"Mshikaji, mbona hukuniambia? Avelina wako ana sendofu keshokutwa."

"Sendofu ya nani?"

"Ya kwake! Ukumbi wa parokia. Mimi nimekodiwa kusomba viti."

Sendofu unaijua, msomaji. Binti hupambwa, hulishwa keki, mama zake wakalia na baba akatoa wosia, na baada ya siku chache huyo, kanisani na mwanamume. Nyanda naye aliijua. Kikombe kikamponyoka mkononi, na mtindi ukamwagikia viatu vyake. Kabla hajavifuta, simu ikalia ujumbe.

"Mpenzi, Jumamosi ni sendofu yangu. Nilitaka nikwambie uso kwa uso ila mambo yameenda mbio mno. Njoo, ukae meza ya mbele. Nataka baba akuone."

Akausoma mara tatu. Baba akuone! Amwone kama nani, kama mtu aliyekuwa akimshikia mwenzake kiti? Angeweza kupiga simu na kuuliza neno moja tu, na hadithi hii ingeishia hapa. Lakini moyo uliochomwa hauulizi. Akaandika: "Asante kwa mwaliko. Nakutakia maisha mema huko uendako." Kisha akaizima simu, akateremka Bonde la Rukwa kwenye ng'ombe wa baba yake. Akakaa huko wiki tatu akichunga na kunyamaza.

Aliporudi, Modesti alimkuta anaosha vyombo.

"Ulikosa, ndugu yangu. Alipendeza yule! Sasa hivi yuko Korea, yule baba yake anasema..."

"Korea!" Nyanda akasimama. "Kumbe ni Mkorea aliyenizidi."

"Mkorea gani? Ngoja nikumalizie..."

"Koma hapo hapo!"

"Lakini, Nyanda..."

"Nimesema koma! Atakayelitaja jina lile mezani kwangu akanunue mtindi kwingine."

Modesti akainua mikono, akawasha pikipiki. Wateja nao wakaitii sheria ile, maana mtindi ulikuwa mzuri kupita wa wengine wote pale sokoni.

Ikapita miezi minane. Mvua zikaja, zikaifanya barabara ya Mollo kuwa uji. Siku moja ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri, simu ikaita kwa namba ndefu asiyoijua.

"Haloo, Mtindi wa Nyanda hapa."

"Nyanda."

Akalikalia dumu la maziwa. Sauti aliikausha makusudi.

"Mume hajambo?"

"Mume wa nani?"

"Wako. Huyo Mkorea."

Avelina akauliza taratibu, "Nyanda, siku hizi mtindi wako unalewesha?"

"Si ulifanyiwa sendofu?"

"Nilifanyiwa sendofu ya kwenda kusoma! Niko chuo hapa Seoul, nasoma masta ya biashara!"

"Sendofu ya kusoma ndiyo ipi? Sendofu ni ya bibi harusi!"

"Mweleze baba hivyo! Nilimwambia tufanye chai tu, akakataa. Akasema binti yake wa kwanza kupanda ndege haondoki kama mtu anayekwenda mashineni kusaga."

"Mitihani yote ile," Avelina akaendelea, "ilikuwa ya kuombea ufadhili. Niliogopa kukata mbeleko na mwana hajazaliwa. Majibu yakaja, viza ikatoka, siku kumi tu nikawa naondoka. Nilitaka nikutambulishe kwa baba mbele ya watu wote, nikuombe unisubiri. Kiti chako kilikaa kitupu mpaka mwisho."

"Avelina..."

"Halafu ukaniandikia 'maisha mema huko uendako'. Nikajua hutaki mwanamke anayekwenda kusoma. Nililia kwenye ndege mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso yake."

Mwanamume mzima akalia sokoni mchana kweupe, na mama wa dagaa akajifanya anahesabu dagaa. Alilia kwa aibu na kwa furaha, na zaidi kwa kuona jinsi mtu anavyoweza kupoteza miezi minane kwa kukosa kuuliza.

"Washa kamera," Avelina akasema. "Nikuone hivyohivyo."

Akaiwasha. Uso ukatokea, umepungua kidogo, nywele kasuka twende kilioni, koti la kijivu hadi shingoni. Akageuza simu dirishani. Nyanda akaona taa za mji ule zikipanda ghorofa kwa ghorofa mpaka hakukuwa na mbingu, na mto mpana unaopitiwa na madaraja yanayong'aa. Akalisahau hata dumu alilokalia.

"Mungu wangu. Hao watu wote wanakula nini?"

"Hilo ndilo swali nililouliza siku ya kwanza! Darasani tuko arobaini na mmoja, kutoka nchi kumi na tisa. Mwalimu anatupa mkasa wa kampuni, kurasa thelathini, halafu anakunyooshea kidole: wewe ungefanya nini? Wiki ya kwanza nilitetemeka, Nyanda. Nikafumba macho, nikaifikiria meza yako, ndipo nikajibu. Sasa tazama hapo ukutani."

Ilikuwa saa kubwa ya mviringo. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa.

"Huku ni usiku," Avelina akasema, "na kwenu je?"

Nyanda akatazama simu yake. "Saa tisa alasiri."

"Umeona? Wao wanasoma mshale ulipo, sisi tunahesabu toka macheo, na tumepishana saa sita kamili. Kwa hiyo saa yao inasema Kiswahili cha Sumbawanga siku zote. Ikionyesha moja najua unafungua meza. Ikionyesha kumi na mbili, unakunywa yaliyobaki."

"Hata ulipokuwa umenikasirikia?"

"Hata hapo, nilikuwa naitazama kwa hasira."

Alikuwa amepiga kwa sababu. Mwalimu alitaka kila mmoja alete mfanyabiashara wa kwao aongee na darasa, na Avelina alikuwa amehangaika wiki mbili akitafuta mwingine asimpate. Alhamisi iliyofuata Nyanda akapanda kilima cha Mollo penye mtandao, katia shati jipya jeupe ndani ya koti lilelile la kaki, na nyuma yake Ufipa wote ukiwa kijani hadi macho yanapochoka. Kwenye kioo cha simu akaona nyuso arobaini za rangi zote zikimtazama yeye, muuza mtindi, na Avelina katikati yao akitafsiri.

Mwalimu, mzee mwenye nywele nyeupe, akauliza kwa nini haongezi maziwa hali wateja wapo.

"Mwambie," Nyanda akasema, "ng'ombe ana matiti manne. Sisi tunakamua matatu, moja ni la ndama. Ukikamua yote manne leo utauza sana, lakini mwaka wa tatu utakuwa na ndoo bila ng'ombe."

Avelina akatafsiri. Yule mzee akainama akaandika, kisha akasimama, akamwinamia Nyanda kama Wakorea wanavyowainamia wanaowaheshimu. Nyanda hakujua afanye nini, naye akainama, simu ikaanguka nyasini.

Avelina akaja mwezi wa saba, kwa majuma matatu ya utafiti wa chuo. Hakuja peke yake. Alikuja na habari. Kampuni moja ya Seoul ilikuwa imemtaka kazini akimaliza, na alitakiwa ajibu kabla ya kurudi. Aliisema kwenye simu siku ya kwanza, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Nyanda akapongeza, na usingizi ukamruka siku mbili. Ya tatu asubuhi akampakia kwenye pikipiki mpaka ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale ambapo nyanda za juu zinakatika ghafla na nchi yote inaanguka chini.

Wakasimama. Chini kabisa bonde lilikuwa limelala katika ukungu wa asubuhi, na mbali ziwa liling'aa jeupe. Tai mmoja alikuwa akizunguka chini ya miguu yao. Avelina, aliyekuwa amezoea ghorofa sitini, akamshika Nyanda mkono.

"Baba yangu na ng'ombe wako kule, penye moshi," Nyanda akasema. Kisha akavuta pumzi. "Safari ile sikuuliza, tukaumia wote. Leo nauliza. Unarudi, au hurudi?"

"Unataka nirudi?"

"Nataka. Naogopa pia usije ukarudi kwa ajili ya mtindi, ukanilaumu uzeeni."

"Hilo siyo swali, ni maelezo. Uliza lenyewe."

"Utakubali nikuoe?"

"Nina mwaka mzima umebaki, mpenzi."

"Sijakuuliza tarehe. Nimeuliza ndiyo au hapana."

Avelina akacheka, na macho yakamlengalenga. "Barua ya wale watu nimeshaijibu. Nimewaambia nina kazi ya maziwa nyumbani, na ya ulezi. Ndiyo, Nyanda. Ndiyo, hata mara kumi."

Nyanda akatoa simu, akampigia baba yake kule chini, akamwambia kwa Kisukuma kwamba amepata mke, naye baada ya wiki chache anarudi shuleni mbali sana. Mzee akasema ampe huyo mke simu.

"Mzee hajui Kiswahili vizuri," Nyanda akanong'ona. "Sema shikamoo tu, inatosha."

Avelina akapokea simu. Akaweka kitenge sawa, akapiga magoti yote mawili kwenye majani yenye umande, kama mkwe wa Kisukuma anavyomsalimia baba, ingawa aliyesalimiwa hakuweza kumwona.

"Mwangaluka, baba," akasema, na sauti ikashuka mahali panapostahili.

Kule chini mzee akapaza sauti, "Mwangaluka! Mwangaluka!" akacheka, akaanza kuuliza habari moja baada ya nyingine, na Avelina akaitikia zote kwa Kisukuma, polepole, bila kukosea. Nyanda alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Yeye hakuwahi kumfundisha neno hata moja.

Alipoinuka, magoti yamelowa, Nyanda akamuuliza, "Umejifunza wapi?"

"Seoul. Kuna kaka mmoja wa Shinyanga anasoma uhandisi, nilimwomba anifundishe. Kila Jumapili baada ya misa."

"Tangu lini? Tangu tulipopatana?"

Avelina akapangusa umande kwenye kitenge, hakumtazama.

"Tangu mwezi wa kumi," akasema.

Mwezi wa kumi Avelina alikuwa bado hajampigia simu, na yeye Nyanda alikuwa amekataza jina lake lisitajwe.