Karo la Hamamu ya Pasha

Maikrofoni ilikuwa inanuka sabuni. Shahinda, msichana wa mwaka wa mwisho aliyesimamia redio ya shule, aliifuta kwa ncha ya mtandio wake, akampa mdogo wake Rawya asome hekima ya siku. Shule nzima ilikuwa mstarini mbele ya bendera. Rawya akafumbua kinywa. Midomo ikacheza, sauti hamna.

"Betri imekwisha hiyo!" mmoja akachokoza, na mistari ikaangua kicheko.

Shahinda hakucheka. Alikumbuka alichokifanya jana kwenye chumba cha chai.

Shule yao ya serikali, huko Hilwani pembezoni mwa Kairo, zamani ilikuwa jumba la pasha, bwana mkubwa wa enzi za wafalme, na chumba wanachoandalia chai ya walimu ndicho kilichokuwa hamamu, bafu la mvuke la wake zake. Kila msichana anayeingia mwaka wa kwanza hufundwa na wakubwa zake: maji ya moto hayamwagwi kwenye karo la chumba hicho kabla ya kuwataka radhi waliomo. Jana Rawya, akiwa zamu ya chai, alisimama na birika akaanza taratibu, "Taireni, wenyeji..." Shahinda akamkatiza. "Mwaga, we mtoto, kengele imelia! Jini gani wa kuishi na makapi ya chai?" Akaliinamisha birika yeye mwenyewe. Huko chini kitu kikalia kama kitoto kichanga, nao wakaambizana ni bomba tu.

"Abla, ni mimi niliyemwaga," Shahinda alimnong'oneza Abla Ihsani, yaani Mwalimu Ihsani wa Kiarabu, machozi yakimtoka. "Mama akijua ataniua."

"Ole wako, Shahinda! Wewe mkubwa ndiye wa kumpoteza mdogo wako?" Abla akamvuta pembeni. "Nenda naye pale mkaombe radhi. Chukueni maziwa na sukari. Lakini usiwaahidi kitu. Umenisikia? Omba, usiahidi."

Wenzao walipokwisha kwenda nyumbani, ndugu hao wawili waliingia wameshikana mikono. Shahinda akayamimina maziwa karoni. "Taireni, wenyeji. Tumekosa, tusameheni."

Karo likagugumia, ile harufu ya sabuni ikapanda ikawajaa puani, kuta zikaanza kutiririka jasho kama hamamu iliyowashwa moto, na kutoka tunduni ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka kulia, ikisema kwamba mwanawe ameungua hana hata ngozi ya kujisitiri, kwamba tangu jana mtoto anamlilia amtoe kizani, na kwamba mama mwenye uchungu hatulizwi kwa maziwa.

"Nirudishie sauti ya mdogo wangu!" Shahinda alilia. "Chukua utakacho, nirudishie tu!"

Kuta zikakauka.

"Dada," Rawya akasema. "Twende nyumbani. Nina njaa."

Shahinda akamkumbatia, akambusu macho, akacheka na kulia kwa pamoja. Alhamdulillahi! Akamvuta mkono hadi mlangoni. Hapo ndipo aliposikia, kutoka ndani kabisa ya tundu la karo, sauti ile ile ya Rawya, ndogo, imejaa maji:

"Dada, nani huyo unayeondoka naye?"