Kitambaa cha Kuchujia Maziwa

Mama Sulle alimkuta mkwe wake, Marieta, Jumanne saa mbili asubuhi, amelala kati ya magunia ya pumba kwenye stoo nyuma ya nyumba yao, kijijini Nangwa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. Alikuwa hai, lakini macho yake hayakumtazama mtu.

Mama Sulle alifanya kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Alimwogesha mkwe wake kwa maji ya moto, akachemsha nguo zote, ndipo akapiga yowe. Mwanamke aliyebakwa hakupaswa kuonwa na wanaume akiwa katika hali ile.

Kwa hiyo Inspekta Letisia Margwe wa dawati la jinsia alipofika kesho yake kutoka mjini Katesh, ushahidi ulikuwa umekwenda na maji. Mtuhumiwa, hata hivyo, alikuwapo. Shabani, kijana wa bodaboda aliyepeleka maziwa ya kijiji Katesh kila siku, alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji. Pikipiki yake ilikuwa imemwagiwa petroli. Vijana walisema wazi kwamba polisi wakiondoka bila jibu, baada ya pikipiki itakuwa zamu yake.

Letisia alimwamkia Mama Sulle shikamoo, akaomba kuongea na Marieta peke yao. Marieta alieleza kwa sauti ndogo. Mtu alimvamia kwa nyuma, akamfunika uso kwa kitambaa, akamkandamiza mdomo kwa nguvu hadi ukapasuka. Hakusema neno. Kitambaa kilinuka maziwa yaliyochacha. Ni harufu hiyo iliyompeleka Shabani kwenye nguzo.

Letisia alikuwa amebeba kisanduku kipya chenye taa inayofanya madoa ya mwili yang'ae, vipimo vidogo na mashine ya vinasaba isiyozidi ukubwa wa redio. Aliwaeleza watu kwamba kisanduku hakihukumu. Kinachagua kitu cha kupeleka maabara kuu, na kinatoa jibu la awali siku hiyo hiyo.

Madirisha ya ofisi yalizibwa kwa mablanketi. Taa ilipomulika koti la Shabani, koti lote liling'aa. Mama Sulle alijifunika uso.

“Si mnaona wenyewe,” alisema Nikolausi, msimamizi wa kituo cha kupokelea maziwa. “Afande, tuachie sisi huyu.”

Letisia aliigeuza taa kwenye mkono wa shati la Nikolausi. Nalo liling'aa. Kisha akaielekeza kwenye khanga ya Mama Sulle.

“Ni maziwa,” alisema. “Hapa kila mtu atang'aa.”

Alilipima koti. Halikuwa na shahawa wala damu.

Hapo akauliza ni kitambaa gani kingine kijijini kinachonuka maziwa. Wanawake walitazamana, kisha wakamwongoza hadi kituo cha maziwa, hatua chache kutoka kwa Marieta. Ufunguo alikuwa nao Nikolausi peke yake. Kitambaa cheupe cha kuchujia kilining'inia kwenye msumari. Maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yamepita hapo asubuhi hiyo. Katikati palikuwa na doa la kahawia.

“Umekifuaje?”

“Kwa maji yanayochemka. Usafi, afande.”

Letisia alikulia kijiji cha Mogitu akikamua ng'ombe. Kitambaa cha maziwa huanza na maji baridi, kwa sababu maji ya moto huliivisha doa likagandamana na nyuzi. Nikolausi alijua hilo kuliko yeyote pale; aliyachemsha maji kwa sababu nyingine.

“Na damu hii?”

“Ng'ombe wa Gidamis anaumwa kiwele. Maziwa yake yana damu.”

Wanawake waliitikia. Ni kweli ng'ombe yule alikuwa mgonjwa. Letisia alilowesha doa, akachovya kipimo kinachoitambua damu ya binadamu tu. Mistari miwili ikajitokeza: damu ya mtu, si ya ng'ombe. Kipimo cha shahawa, kwenye pindo, nacho kikaonyesha mistari miwili.

Mama mmoja, aliyewanywesha wanawe chai ya maziwa asubuhi ile, alitoka akatapika nyuma ya madumu.

“Usingeweza kukichoma,” Letisia alimwambia Nikolausi. “Kituo kina kitambaa kimoja. Kila mwanamke angeuliza kiko wapi. Ukakichemsha, ukakirudisha, ukawachujia. Sasa naomba mate yako kwa ajili ya mashine.”

Nikolausi alikaa juu ya dumu.

“Wanawake walimpa Marieta uenyekiti wa kikundi cha maziwa,” alisema. “Akaja kunidai ufunguo wa kituo mbele ya wanawake wote, wakacheka. Nilitaka ainamishe kichwa. Basi.”

“Na Shabani je?”

Nikolausi akafungua kinywa atolewe mate; Marieta naye akatoa yake. Alasiri mashine ilijibu: damu ni ya Marieta, shahawa ni za Nikolausi. Kitambaa kilifungwa kwenye bahasha kwenda maabara kuu.

Shabani alifunguliwa kamba. Nikolausi alipandishwa nyuma ya gari kwa pingu. Marieta alitakiwa kwenda hospitali, na Mama Sulle akamshika mkono kumpitisha njia ya zizini, watu wasimwone.

“Hapana, mama,” alisema Marieta. “Nitapita mbele.”

Akapita katikati yao taratibu, mdomo umevimba, akawatazama mmoja mmoja. Wengi waliinamisha vichwa. Akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi kando ya dereva.