Dionisia Abonyeza Mbili

Teodosia na binti yake Dionisia walikuwa uani kwao, Chinongwe, wakibangua korosho. Ulikuwa mwaka 2009. Dionisia alikuwa na miaka kumi na sita. Wiki mbili nyuma alitoka hospitali, wodi ya wagonjwa wa akili. Alilazwa kwa sababu alikuwa hapati usingizi, na alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Sasa alikuwa na nafuu.

Simu ikalia. Teodosia akasikiliza, akaikata.

"Mashine inaongea," alisema. "Matapeli hao."

Wiki ile simu ilipigwa mara tatu. Mara zote aliikata.

Siku ya nne nesi Kulthumu wa wodi ile alifika kwa pikipiki kutoka Nachingwea.

"Mama Dionisia, simu ile ni yetu. Inajipiga yenyewe kwa vijana wote waliotoka wodini. Mbona hamjibu?"

Teodosia alikasirika. "Nesi, mwanangu kateswa na sauti. Nanyi mnamletea sauti nyingine?"

Kulthumu hakucheka. "Una haki ya kukasirika. Tulipaswa kukueleza mapema. Ile ni sauti yangu, niliirekodi. Hata wewe unaisikia. Ikiuliza, mwanao abonyeze moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Majibu nayasoma mimi."

Jumatatu simu ikalia tena. Teodosia akampa bintiye.

"Umelala vizuri?" Dionisia akabonyeza mbili.

"Unameza dawa kila siku?" Akasita. Akabonyeza mbili.

Saa sita mchana Kulthumu akapiga mwenyewe. Dionisia akalia.

"Nimeacha siku tano. Dawa zinanitetemesha mikono, hata kalamu siwezi kushika. Niliogopa kumwambia mama. Alikuwa na furaha mno kwamba nimepona."

"Umekuwa jasiri," alisema Kulthumu. "Dawa haiachwi bila daktari, lakini inaweza kubadilishwa. Njooni kesho."

Kesho yake mama na mtoto wakapanda gari hadi Nachingwea. Daktari akabadilisha dawa. Baada ya wiki chache mikono ikatulia, usingizi ukarudi. Muhula uliofuata Dionisia alirudi shule, kidato cha pili.

Simu iliendelea kuja kila Jumatatu. Lakini Alhamisi moja Dionisia alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, jana sikulala vizuri."

Teodosia akaweka mwiko chini. Akamsogezea kigoda.

"Umefanya vema kuniambia, mwanangu. Kaa hapa, nieleze yote."