Udongo Mweusi wa Tata Muteba

Kila asubuhi kabla ya shule mimi huchota maji bidoni mbili kwenye bomba la mwisho wa mtaa wetu. Nikirudi nafagia uwanja, namnawisha mdogo wangu Merdi, kisha nashika njia ya shule. Kengele inapolia mimi nimeshachoka kama mtu aliyemaliza siku, na ndiyo kwanza siku inaanza.

Mimi ni Jémima, nina miaka kumi na miwili, na katika nyumba yetu hapa Kolwezi hakuna asiyechoka. Mama huondoka alfajiri na beseni la mikate ya mafuta kwenda kuuza sokoni Manika. Tata, baba yetu, huchimba madini, na akirudi hana nguvu hata ya kuitikia salamu. Umeme tu ndio hauchoki, kwa sababu haufanyi kazi. Bwawa la umeme la Nzilo liko karibu nasi kabisa, lakini wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Jioni nina kazi moja ambayo siruhusiwi kuikosa. Tata akifika haingii ndani. Anakaa juu ya jiwe karibu na lango, anavua buti na nguo za kazi, nami namwagia maji. Vumbi jeusi la shimoni linatelemka toka mikononi mwake mpaka ndani ya karai. Maji hayo nayamwaga kwenye mfereji wa nje, kamwe si uwanjani. Mama ndiye aliyeweka sheria hiyo, baada ya muuguzi kumwambia kwamba vumbi la mgodi halifai kuingia mahali anapoishi mtoto mdogo.

Mtoto mdogo ni Merdi. Ana miaka minne. Msimu wa mvua uliopita aliugua sana, akaishiwa damu, na tangu alipotoka hospitali alikuwa akikaa kizingitini akitazama wenzake wakicheza. Muuguzi alimpa dawa, akamwambia Mama, "Dawa peke yake haitoshi. Akule majani kila siku: lengalenga, matembele, na maharagi."

Mama alinunua lengalenga sokoni mpaka siku alipomwona muuzaji akiziosha kwenye kijito kile kile ambamo wachimbaji huoshea mawe yao. Siku hiyo alirudi na kikapu kitupu.

Ndipo Nkambo Mushiya akaja. Ni mama yake Mama, anakaa Lubudi, na huko watu wake wamelima tangu zamani. Alishuka kwenye gari akiwa na magoti yaliyovimba na gunia la samadi ya zamani. Hata maji hakunywa kwanza. Alichukua jembe, akapiga ardhi ya uwanja wetu mara moja. Jembe likaruka.

"Hii bulongo inachoka sawa na sisi," alisema. "Inafaa tuikulishe."

Samadi ile ya Lubudi ilitosha kitalu kimoja tu, kidogo kama mkeka, karibu na mlango wa jiko, naye akapanda lengalenga humo. Kwa kitalu kikubwa alinionyesha kazi. Tulichimba shimo nyuma ya jiko, tukapanga maganda ya mihogo, majani makavu, samadi ya mbuzi na majivu kidogo, tukanyunyizia maji na kufunika kwa majani ya mgomba. Lilihitaji kugeuzwa kila baada ya siku chache, lakini lingeiva polepole. Ili tupande mapema, ilibidi nibebe samadi iliyokwisha kuoza kutoka kwa Tata Badibanga, mfuga mbuzi wa ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Dawa ya dukani Nkambo hakuitaka. Wadudu wakija, alisema, kuna majivu na maji ya pilipili.

Kabla wiki haijaisha, simu ikalia: ndugu yake amefariki Lubudi. Alifunga kitenge chake ili aende kwenye kilio.

"Beseni kumi ya samadi, Jémima," aliniambia langoni. "Usipande mbele ya kufikisha beseni kumi. Na ile shimo uigeuze."

"Ndiyo, Nkambo."

Nilibeba matatu. Siku ya kwanza moja, siku ya pili moja, siku ya tatu moja. Shingo iliniuma hata kugeuka sikuweza. Wasichana wa darasa letu walinipita njiani wakiwa wameziba pua. Siku ya nne nilikaa uwanjani nikiwa na beseni tupu mapajani, na machozi yakanitoka.

Ndipo nilipoona lundo la Tata Muteba, jirani yetu. Alikuwa amechimba shimo katika uwanja wake mwenyewe kutafuta madini, kama wengine wengi mtaani kwetu, na udongo aliotoa aliurundika karibu na uzio. Ulikuwa mweusi, laini, usio na mawe. Machoni pangu ulifanana kabisa na samadi ya zamani ya Nkambo. Mtoto wake, Guelord, alikuwa amekaa juu yake akila muwa.

"Guelord, hii bulongo munaifanya nini?"

"Hakuna kitu. Tata alitoa mawe ya muzuri, hii ni ya kutupa. Unaitaka? Beba yote."

"Haiko mubaya?"

"Ah, Jémima! Ni bulongo tu."

Jibu hilo lilinifaa, kwa hiyo sikutafuta jingine. Uzio ulikuwa na tundu. Guelord alisukuma, mimi nikavuta, na jua lilikuwa bado halijazama kitalu kikubwa kilipojaa. Kilikuwa cheusi tii. Nilijiona mjanja kuliko mbuzi wote wa Tata Badibanga.

Mama alirudi, akatua beseni lake, akasimama.

"Jémima! Weye mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Beseni yote kumi?"

"Ndiyo."

 Alikuja akaweka mkono wake shingoni mwangu, pale pale palipokuwa panauma, akapakanda taratibu. Kama angenipiga kofi ningejisikia nafuu.

Nikapanda lengalenga, nikamwagilia. Ziliota. Lakini wiki zilivyopita, zile za kitalu kidogo karibu na jiko zilinenepa, tukazikata na zikachipua tena, na zangu zilibaki fupi, majani yakiwa ya manjano na yamejikunja. Mama aliniuliza sababu, nikasingizia jua, ingawa jua la kitalu kidogo na la kitalu kikubwa ni lile lile. Uongo wa kwanza ulikuwa unaomba wenzake. Shimo la nyuma ya jiko sikuligeuza hata mara moja. Nilitupa maganda mle kwa sababu palikuwa karibu, basi.

Wiki ya tano, siku ya Jumamosi, mboga za kitalu kidogo ziliisha. Mama alikwenda kwenye kitalu changu, akachuma majani yaliyokuwa makubwa kidogo.

"Ni kidogo," alisema, "lakini ni ya kwetu. Hii tutakula bila woga."

Nilikuwa nikipalilia pembeni yake. Nilimsikia, nikainamisha kichwa.

Chungu kilikuwa juu ya mbabula ya makaa Tata alipofika. Nilichukua kata, nikaanza kummwagia maji. Alisugua mikono, maji yakawa meusi, vumbi likashuka taratibu na kutulia chini ya karai. Nilitazama tope lile. Kisha nilitazama vidole vyangu vilivyotoka kupalilia. Chini ya kucha palikuwa na weusi ule ule.

"Jémima, unalala?" Tata aliuliza. Nilikuwa namwagia maji buti alizokwisha kuvua.

"Tata, hii bulongo ya mu shimo... ikiingia mu chakula, inafanya nini?"

"Inaharibu muntu pole pole. Njo maana mama yako anasema munioshe huku inje sawa mbuzi." Akacheka kidogo, akafunga macho kwa uchovu.

Nilisimama na karai mikononi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Majani yenyewe ni kidogo. Mama atafurahi, na mimi nitaendelea kuwa mtoto aliyebeba mabeseni kumi. Hayo yote niliyawaza, sitaficha. Kisha nikasikia Mama akimwita Merdi, "Kuya, tata yangu mudogo, kuya ukule," nami nikaacha karai lianguke.

Ndani, Mama alikuwa ameshamega tonge la bukari, amelichovya kwenye lengalenga. Merdi alikuwa amefungua kinywa.

"Mama, asikule!"

Mkono wa Mama ulisimama hewani. Nilivuta sahani, Merdi akaangua kilio, nami nikasema kila kitu kwa pumzi moja: kwamba nilibeba mabeseni matatu tu, kwamba udongo ule mweusi si samadi, kwamba umetoka kwenye shimo la Tata Muteba.

Tata, aliyenifuata mpaka mlangoni, alirudi nje kabla giza halijaingia. Aliinama kwenye kitalu, akachota udongo, akaupima kwa kiganja, akaubinya.

"Miaka kumi na moja mi nachimba hii," alisema. "Naioshaka kila siku isiingie ku nyumba. Leo naikuta mu kitalu yangu, batoto banaimwangia mayi."

Mama alichukua chungu chote, akakimwaga kwenye mfereji wa nje, pale ninapomwaga maji ya karai. Usiku ule tulikula bukari na chumvi. Merdi aliuliza mara mbili lengalenga zimekwenda wapi. Mama hakunipiga. Alikaa juu ya beseni lake lililopinduliwa, mikono imelegea magotini.

"Mi nachoka, Jémima," alisema. Basi.

Nimewahi kupigwa kwa makosa mengine. Hakuna fimbo iliyoniuma kama maneno hayo.

Kesho yake baada ya misa, siku pekee ya mapumziko ya Tata, tulitoa udongo wote ule, na chini yake tukatoa tabaka la udongo mwekundu uliogusana nao. Tata Muteba aliona, akaja kusaidia kuurudisha kwake. Alimtazama mtoto wake, akanitazama mimi, akaenda kutafuta mabati ya kuziba lile tundu la uzio na kufunika lundo.

Nkambo alirudi Jumatano. Mimi nilikuwa nimepanga namna ya kumweleza, lakini Merdi aliniwahi, akapiga kelele toka kizingitini.

"Nkambo, Jémima alitaka kunipikia shimo ya Tata Muteba!"

Nkambo alisikiliza habari yote, kisha akachechemea nyuma ya jiko, akaniita. Aliinua majani ya mgomba yaliyokauka. Nilitamani kujificha, kwa maana shimo lile nililitupa kama yatima. Juu palikuwa na maganda yangu ya jana. Lakini chini yake, alipochimba kwa mkono, udongo ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Nusa," alisema.

Ulinukia kama msitu baada ya mvua ya kwanza. Mnyoo mwekundu ulijinyonganyonga katikati ya vidole vyake, Merdi akiukodolea macho kutoka mgongoni kwangu.

"Unaona? Hii iko na benyeji. Ile ya Muteba, wiki tano, uliona mududu hata moja?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimepalilia mle kila siku, na sikuwahi kuona hata mmoja.

"Hapana, Nkambo."

"Rangi si kitu. Weusi iko hata mu makaa. Bulongo ya muzuri inanuka muzuri na iko na benyeji. Kwenye mududu anakataa kukaa, kwa nini mutoto akulie?"

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa Tata Badibanga, Tata, Mama na mimi; Nkambo na magoti yake alibaki na Merdi. Tata alikuja na gunia begani. Nikaliangalia.

"Tata, hii gunia ilibeba nini?"

Alisimama, akalinusa, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alirudi nyumbani kulibadilisha na la unga.

Safari ya kwanza ilikuwa nzuri. Safari ya pili jua lilikuwa kali. Katikati ya kiwanja cha mpira shingo ilianza tena kuuma, nami nikatembea kimya, meno yamebana, mpaka nikaona sababu ya kunyamaza haipo. Nikatua beseni.

"Mama, nachoka."

Mama naye alitua lake. Tulisimama pale, jasho likitutoka, samadi ikinuka.

"Njo neno nilikuwa nangojea," alisema. "Sikia, mutoto wangu. Kuchoka si zambi. Mi nachoka, tata yako anachoka, nkambo yako anachoka hata akikaa. Ungeniambia, 'Mama, shingo inauma, nilifikisha beseni tatu,' tungebeba zingine pamoja sawa leo. Lakini weye ulificha. Na kitu yenye ulificha iliota, ikapikwa, ikafika karibu na kinywa ya ndugu yako. Siku ingine, kama kazi inakushinda, sema. Unasikia?"

"Nasikia, Mama."

Tulipumzika kidogo. Kisha aliweka samadi yangu juu ya yake, akanipa beseni tupu nibebe.

Tulipanda upya. Kwenye mashina nilitia majivu, vidukari walipokuja nikanyunyiza maji ya pilipili, na shimo la nyuma ya jiko nililigeuza kila Jumatano na kila Jumamosi. Wiki ya sita baada ya kupanda, Merdi alitoka kizingitini kwa miguu yake, akang'oa lengalenga moja pamoja na mizizi. Mnyoo ulining'inia.

"Mama! Mwenyeji!" alipiga kelele.

Jioni alimaliza sahani yake na kuomba nyingine. Siku hiyo nilikuwa nimechota maji mara tatu na kupalilia kitalu chote. Nilichoka, nikasema. Mama akaniambia nikae, akaosha vyombo yeye mwenyewe.