Msimu wa Theluji Niliompa Poldi

—Bwana Leopold, huu mkanda wa kupima moyo ulikuwa unauvaa wewe mwenyewe?

Daktari Sieglinde aliuliza kwa upole, macho kwenye karatasi. Mume wangu Poldi akacheka.

—Nani mwingine, daktari? Paka?

—Nauliza kwa sababu mtu akiteleza kwenye theluji na skii miguuni, mapigo yake hupanda. Yako yanapanda asubuhi kidogo, kisha saa tano mpaka saa tisa yanalala kama ya mtu aliyekaa kitini. Siku kumi na saba kati ya ishirini na nne.

—Betri hiyo.

—Na sukari nayo ni betri? Wenzako wengi imeshuka, miguu imekaza. Yako imepanda.

Poldi akatazama dirishani. Nami nilikuwa na uongo wangu mle chumbani.

Mwezi wa Novemba, Daktari Sieglinde alitafuta wazee wa bonde letu hapa Tyrol, apime kama kuteleza kwenye theluji kunatusaidia moyo na misuli. Tukaokota vikaratasi vya kura. Cha buluu, unapanda mlimani na kiongozi mara mbili kwa wiki, wiki kumi na mbili. Cheupe, unakaa nyumbani, skii marufuku, ili ulinganishwe na wanaopanda. Mimi niliokota cha buluu, Poldi cheupe. Kabla hatujavikabidhi nikambadilishia.

—Burgi, wewe umezaliwa na skii miguuni! Na Machi unapasuliwa goti.

—Goti langu nalijua. Wewe baba yako aliuawa na sukari. Chukua kabla sijabadili nia.

—Mke gani huyu Mungu alinipa!

Akanibusu mbele ya watu.

Wiki kumi na mbili niliyatazama magari ya kamba yakipanda mlima bila mimi. Poldi akirudi, mashavu mekundu, namuuliza:

—Leo vipi?

—Kama kijana wa miaka ishirini!

Nami namkanda miguu kwa dawa, nikifurahi.

Tulipotoka kwa daktari nikampigia Vinzenz, kiongozi wa kundi lao.

—Vinzenz, Poldi alikuwa anateleza?

—Mama Burgi, desturi yetu unaijua. Ya mlimani hayashuki bondeni.

—Nimefundisha skii miaka thelathini. Desturi hiyo nimeilinda kabla hujaota meno. Leo nakuomba uivunje.

Akashusha pumzi.

—Anashuka nasi mara moja tu, kisha anaingia mkahawa wa juu, kwa Hermine. Chapati za maji na sukari juu, pombe ya peasi, mkono wake mezani juu ya mkono wa huyo mama. Wenzake wanamtania, eti Poldi anafanya mazoezi ya kijiko. Mama, tulidhani unajua.

Hermine ni mjane. Ujanani Poldi alimwacha akanioa mimi. Nikamwandikia Hermine kwa simu: "Nimejua."

Jibu likaja upesi: "Aliniambia mlima umeuchoka, na kwamba nyumbani mnaishi kama wapangaji wawili. Sikujua siku zile ulimpa wewe. Hapa kwangu asije tena."

Nikamwekea Poldi simu mbele yake. Alisoma mara mbili.

—Burgi, yalikuwa mazungumzo tu!

—Siku kumi na saba?

—Kule juu nilijiona sijazeeka.

—Na mimi huku chini nimezeeka kweli. Umemsikia daktari aliponisomea yangu, misuli ya mapaja imepungua. Nimekaa kitini kwa ajili yako.

—Mwakani tutapanda wote, mimi na wewe. Nakuapia.

—Hakuna mwakani. Daktari wa goti alishaniambia, akishapasua, skii basi. Huo ndio ulikuwa msimu wangu wa mwisho, Poldi. Nilikupa wewe, ukaenda kuumaliza kwa chapati.

Rangi ikamtoka.

—Mbona hukuniambia ni wa mwisho?

—Ungeukataa.

Akainamia simu. Nikamtazama, nikajisahihisha.

—Nilidhani ungeukataa.

Alilia. Simwiti mtu mbaya. Miaka arobaini na miwili amenichanjia kuni bila kuombwa. Lakini nilikunja mashati yake moja moja, nikapanga na soksi, nikafunga sanduku. Akaenda kwa dada yake, Innsbruck.

Kesho yake nilimweleza Daktari Sieglinde habari ya vikaratasi. Jioni akanipigia.

—Mama Burgi, nashukuru kwa ukweli. Ila inabidi niyafute matokeo yenu, yako na ya Bwana Leopold. Hayafai tena kulinganishwa na ya wengine.

—Yafute, daktari.

—Pole sana. Wiki zote zile... Utamweleza mwenyewe, au nimpigie?

—Mpigie wewe. Haishi tena hapa.