Ukoo wa Malkia

Mama Bwawa, ndivyo majirani walivyomwita, alifuga kambale nyuma ya nyumba. Kila asubuhi aliwasalimia samaki kabla ya kumsalimia mumewe. Mume mwenyewe, fundi cherehani, alishazoea.

Lakini mwaka huu mambo yaliharibika. Mama Bwawa alilisha miezi minane, na kambale hawakuzidi kiganja. Wengine walipinda mkia. Vifaranga walikufa ovyo.

"Mama watoto," mume alisema, "wakitoka hivi tena, bwawa nalifukia. Tupande mboga."

Roho ilimuuma Mama Bwawa. Bwawa lile alilichimba kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hiyo hiyo alimwita mtaalamu wa samaki, dada mmoja mchangamfu, buti zake za mpira zimemzidi miguu. Dada alichota maji akayapima. Akaangalia chakula.

"Maji mazuri, chakula kizuri. Mbegu, yaani vifaranga, unapata wapi?"

"Nazalisha mwenyewe!" Mama Bwawa alijibu kwa fahari. "Mama yao ni yule mkubwa pale, Malkia."

"Na baba yao?"

"Mtoto wa Malkia."

"Na huyo mtoto, baba yake nani?"

"Naye mtoto wa Mal..." Mama Bwawa akashika kichwa. "Mungu wangu! Nimewaozesha ndugu kwa ndugu!"

"Kwa miaka mingapi?"

"Sita!"

Fundi cherehani, aliyekuwa akisikiliza dirishani, aliangua kicheko.

Dada akaeleza. "Kila samaki hurithi kwa baba na kwa mama. Chembe za urithi ni kama maagizo ya mwili: ukue vipi, ushinde ugonjwa vipi. Kambale wa mtoni wametokana na wazazi wengi tofauti, kwa hiyo maagizo yao ni ya kila aina. Ugonjwa ukija, wapo watakaopona. Samaki wako wote wana maagizo yale yale, na kasoro zile zile."

"Basi hawa nawamwaga mtoni, naanza upya."

"Thubutu! Watazaana na wale wa mtoni, uwapelekee udhaifu. Hawa wavue muwale, hawana ubaya wowote mezani. Mfereji wa kutolea maji uzibe kwa wavu, hata mvua ikija wasitoroke. Kisha njoo kituoni kwetu uchukue madume na majike wa koo mbalimbali. Na uandike nani kazaa na nani."

Mama Bwawa aliwachukua wazazi wapya kituoni, akanunua daftari. Na wavu wa mfereji, unadhani aliushona nani? Yule yule aliyetaka kufukia bwawa.

Vifaranga wapya walipotimiza miezi minane, mke na mume waliingia majini kuvua. Kambale mmoja, mnene kama paja la mtoto, alimchapa fundi kibao cha mkia. Fundi akaketi topeni, pwaa! Mama Bwawa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alifurahi siku hiyo, asikwambie mtu.

Fundi hakumwachia samaki.

"Huyu haliwi," alisema huku akitema tope. "Huyu ni wa mbegu. Hebu lete daftari, mama watoto. Tujue kwanza nani si ndugu yake."