Mtoto wa Ndani ya Fremu

Jua lilikuwa linazama Kensington, mtaa wa Johannesburg, Jelimo alipobisha hodi kwa Mama Hyasinta, mgongoni amembeba Kipkoech, mwanawe wa miezi miwili. Kina mama wa kanisa walikuwa wamemtuma aazime picha ya Kuzaliwa kwa Yesu, waitundike siku ya Krismasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mama Hyasinta alikuwa hivyo. Mjane huyu Mtanzania, aliyeletwa huku na mumewe, mkimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao, alikulisha kwanza, shida yako ikafuata. Jelimo alipojifungua, yeye ndiye aliyemfulia nepi.

Picha ilikuwa chumba cha nyuma. Mlango ulipofunguka, harufu ikamfanya Jelimo azibe pua. Maziwa yaliyochacha... na chini yake kitu kama nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko.

Ilikuwa picha ya kale, imechorwa Italia miaka mia nne iliyopita. Giza kila upande. Wachungaji wenye kucha chafu, punda, Maria ameinama. Mwanga wote ulitoka mwilini mwa mtoto aliyelala kwenye nyasi kavu. Mweupe. Anang'aa kwa utelezi, kama mafuta yaliyoganda.

Chini ya fremu palikuwa na bakuli la maziwa na pamba.

"Vya nini hivi, mama?"

"Vya kumpangusa mdomo," Mama Hyasinta alinong'ona.

Jelimo akacheka. Kisha akaziona mbavu za yule mtoto, moyo ukamlainika. Akasema kama wanavyotaniana wanaonyonyesha kwenye benchi la kliniki:

"Maskini, una njaa! Njoo nikunyonyeshe, mwenzako atakuachia titi moja."

Mama Hyasinta akamkamata mkono. "Umesema nini?"

"Natania tu..."

Mch. Mch. Mch.

Sauti ya midomo. Jelimo akageuza shingo. Kipkoech alikuwa amelala fofofo.

Kitu kikalivuta titi la kushoto la Jelimo. Cha baridi, laini, kama ulimi wa samaki. Hakikuonekana. Kwenye picha, midomo ya mtoto ililowa, ute mweupe wenye mabonge ukachuruzika hadi kwenye fremu. Nzi akatua hapo, akanasa.

Jelimo alitapika palepale.

Kipkoech akaamka akilia. Jelimo akamshusha mgongoni, akampa titi haraka. Mtoto akavuta mara moja, akapaliwa. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha kahawia, kinanata, kinanuka rangi ya mafuta.

"Mama, ni nini hiki?"

"Aliyemuuzia mume wangu alisema mchoraji alikosa mtoto wa kutulia. Akaazima maiti ya mtoto mchanga. Ikakaa siku tatu, wakati wa joto... Labda ni uongo. Ninachojua, hata mimi nilimtania hivyo, Paulina wangu akiwa mchanga."

"Paulina yuko wapi?"

Mama Hyasinta akachukua pamba, akampangusa Kipkoech kidevu. Taratibu. Kwa upendo kabisa.

"Kila jioni mnyonyeshe huyu kwanza, mwanangu. Wako atapata maziwa safi. Ukimnyima..."

Jelimo alikimbia.

Mumewe, Festus, alinunua maziwa ya kopo. Kipkoech aliyatapika, yakiwa ya kahawia. Wakampeleka hospitali, daktari akapima, akatikisa kichwa. Siku ya tatu utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea, na hakuwa na nguvu ya kulia.

Siku ya nne, kabla ya jua kuzama, Jelimo alisimama tena mbele ya picha kwa Mama Hyasinta, Kipkoech mgongoni, akafungua vifungo.

Mch. Mch. Mch.

Alifumba macho, akavumilia hadi mwisho. Kisha akampa Kipkoech. Maziwa yakatoka meupe. Mtoto akanywa, akanywa, mashavu yakatuna. Jelimo akalia machozi ya shukrani.

Akainua uso.

Maria hakuwa ameinama tena. Mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka kutoka kwenye nyasi, kiganja wazi, kama anayesubiri kukabidhiwa mtoto. Hakumtazama Jelimo.

Alimtazama Kipkoech.

Na Kipkoech, ambaye hakuwa amewahi kumchekea mtu yeyote, akaliachia titi, akatabasamu.